Kufunga feni ya umeme kwenye rejeta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Feni ya umeme ya kununua dukani huja na mota, mapanga, boliti chache na karatasi ya mchoro ambayo wengi huitupa pamoja na boksi. Kuifunga kwenye rejeta ni kazi ya saa moja. Kuipelekea umeme kunaweza kuchukua siku nzima, na hapo ndipo watu wanapoharakisha. Nimefanya kazi ya umeme wa magari kwa miaka mingi. Feni mbovu nimeziona nyingi na hazijaniogopesha, ila waya ulioyeyuka chini ya boneti hunitia hofu hadi leo. Ndiyo maana utaona majibu ya upande wa umeme ni marefu kuliko mengine.

Gari langu linachemsha. Nikifunga feni ya umeme litaacha?

Linachemsha wakati gani? Jipe jibu la swali hilo kabla hujatoa hela.

Likichemsha kwenye foleni, au ukiwa umesimama huku AC inafanya kazi, kisha joto likashuka ukipata barabara wazi, basi hewa haipiti ya kutosha kwenye rejeta na feni inaweza kuwa dawa. Likichemsha ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa, feni haihusiki kabisa. Kwa mwendo huo upepo unaoingia mbele ya gari ni mwingi kuliko ule ambao feni ingeweza kuuvuta. Tafuta kwingine: rejeta iliyoziba mirija kwa kutu, themostati (vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakipata joto) isiyofunguka hadi mwisho, pampu ya maji iliyolika, mpira wa chini wa rejeta unaonyonywa na kubonyea injini inapozungushwa kasi, au vumbi na wadudu waliojazana kati ya kondensa (ile rejeta ya AC iliyo mbele) na rejeta. Hilo la mwisho husahauliwa sana kwa sababu halionekani mpaka uvitenganishe viwili hivyo.

Maji yakipungua bila kuonekana yanakovujia, au ukiona mapovu yakitoka mfululizo kwenye rejeta injini ikiwa inawaka, kagua gasketi ya silinda hedi. Feni ya bei yoyote ile haitaziba gasketi iliyoungua.

Feni ya umeme ina faida gani juu ya ile inayozungushwa na injini?

Faida kubwa ni kwamba inafanya kazi unapoihitaji. Feni ya mkanda hufuata mizunguko ya injini: gari likisimama kwenye foleni, wakati joto linapanda, ndipo inapozunguka polepole, gari likikimbia na upepo ukiwa tele, ndipo inapozunguka kwa nguvu na kula uwezo wa injini bure. Na inakula kweli, maana uwezo unaohitajika kuzungusha mapanga hupanda kwa mchemraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, uwezo unaohitajika unakuwa mara nane. Feni za klachi, zile zenye mafuta ya silikoni ndani, zilibuniwa kupunguza tatizo hilo na zinalipunguza vizuri.

Injini pia hupata joto lake la kazi mapema asubuhi, na kelele inapungua. Anayevuka maji mengi anaweza kuizima feni kabla ya kuingia. Mapanga yanayozunguka yakikutana na maji hupinda kuelekea rejeta na yanaweza kuitoboa.

Lakini kama gari lako ni la kuvuta trela zito au kupanda milima na mzigo, na feni yake ya klachi bado nzima, ushauri wangu ni uiache. Feni ya klachi iliyo katika hali nzuri inasukuma hewa nyingi kuliko feni nyingi za umeme zinazouzwa pembeni, na haidai kitu kwa alteneta, ile jenereta inayochaji betri.

Ninunue ya ukubwa gani?

Kubwa kadiri rejeta inavyoruhusu, na tazama ampea inazokula kabla ya kutazama namba ya hewa iliyoandikwa kwenye boksi. Namba ile mara nyingi hupimwa feni ikiwa wazi, haina kitu mbele yake. Ukiiweka nyuma ya rejeta nene na kondensa ya AC, hewa inayopita ni pungufu sana. Mota inayokula ampea 8 haiwezi kufanya kazi ya mota inayokula ampea 25, hata kama maboksi yao yamechapishwa namba zinazofanana. Uwezo hautoki hewani.

Kwa kukadiria tu: feni ndogo hula ampea 7 hadi 12, na ya inchi 16 yenye nguvu hula 20 hadi 30. Wakati wa kuanza kuzunguka, kwa sekunde moja hivi, mota huvuta mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Kumbuka jambo hilo ukifika kwenye fyuzi.

Feni iliyotolewa kwenye gari jingine, ikiwa pamoja na kava lake, mara nyingi ni bora kuliko mpya isiyo na jina. Ilitengenezwa kupoza injini halisi. Izungushe kwa mkono usikie kama bearingi zinakwaruza, kisha uiwashe na upime ampea kabla ya kulipa.

Iwekwe mbele ya rejeta au nyuma?

Nyuma, upande wa injini, ivute hewa. Feni inayosukuma kutoka mbele inaizibia rejeta upepo wa asili gari likiwa kwenye mwendo. Weka mbele pale tu nafasi ya nyuma inapokosekana, au kama feni ya pili ya kusaidia AC.

Ukiweka nyuma, acha nafasi ya kutosha kati ya mota na injini. Injini hucheza kwenye mipira yake unapokanyaga mafuta au kufunga breki ghafla. Ikiwa ni sentimita moja tu iliyobaki, siku moja vitagusana. Mimi napenda kuona angalau sentimita mbili na nusu.

Nitajuaje kama inazunguka upande sahihi?

Washa feni gari likiwa limesimama, kisha weka karatasi mbele ya rejeta. Ikishikamana na rejeta, hewa inaenda kunakotakiwa. Ikipeperushwa, mota inazunguka kinyume. Kwenye mota nyingi za nyaya mbili, ukibadilisha chanya na hasi mzunguko unageuka.

Kuna mtego hapa. Mapanga yaliyonyooka hukubali pande zote mbili, lakini yaliyopinda kama mundu yametengenezwa kwa upande mmoja. Ukigeuza nyaya peke yake, hewa itaenda upande unaotaka ila kwa udhaifu. Soma karatasi ya mchoro: nyingine hukuruhusu kuyatoa mapanga kwenye mota na kuyageuza.

Kava la feni lina umuhimu gani? Naona wengi wanafunga bila kava.

Chukua rejeta ya sentimita 60 kwa 40. Eneo lake ni sentimita za mraba 2,400. Feni ya inchi 16 ina kipenyo cha kama sentimita 40, kwa hiyo duara lake ni sentimita za mraba 1,256 hivi. Ukiibandika moja kwa moja kwenye mapezi ya rejeta (vile vipande vyembamba vya bati kati ya mirija) bila kava, inavuta hewa kupitia nusu ya rejeta, na nusu ya pili inakaa tu. Umenunua rejeta nzima ukatumia kipande.

Kava linakusanya hewa kutoka pembe zote na kuipeleka kwenye feni. Liache mwanya kati ya mapanga na rejeta, sentimita tatu au zaidi ukiweza, ili hewa ya pembeni ipate njia. Likifunika rejeta yote huku feni ni ndogo, linaweza kuzuia upepo kwenye mwendo kasi. Ndiyo maana makava mengi ya kiwandani yana vipande vya mpira vinavyofunguka vyenyewe upepo ukiwa mkali. Kava la bati unalotengeneza mwenyewe linaweza kuwekewa vipande hivyo pia.

Zile kamba za plastiki zinazopita katikati ya mapezi zinafaa?

Hapana. Gari linatikisika, feni ina uzito, na kila mtikisiko kamba inasugua mirija laini ya rejeta. Huchukua miezi, kisha linaanza tone moja. Tengeneza vishikio vya chuma au alumini vinavyoshika fremu ya juu na ya chini ya rejeta, weka mpira kati ya chuma na chuma, na uzito wote ukae hapo.

Kwa nini niweke rilei? Siwezi kuunga feni kwenye swichi moja kwa moja?

Swichi ya dashibodi na swichi ya joto (ile inayojiwasha maji yakifika joto fulani) hazikutengenezwa kubeba ampea 25. Ukizibebesha, ncha za ndani zinaungua kidogo kidogo. Zikiungua zinaweza kukataa kupitisha umeme, na injini ikachemka. Au zikagandana, na feni ikazunguka usiku kucha mpaka betri imalizike. Tatizo la pili ni waya wenyewe: ungelazimika kupitisha umeme mkubwa kutoka kwenye betri hadi ndani ya gari na kurudi, mita nyingi za waya unaopata joto nyuma ya dashibodi, karibu na mazulia na plastiki.

Rilei ni swichi inayofungwa na sumaku. Koili yake inataka chini ya robo ampea, kwa hiyo swichi ndogo na waya mwembamba vinatosha kuiamrisha. Umeme mkubwa unabaki chini ya boneti kwenye njia fupi: betri, fyuzi, rilei, feni.

Miguu ya rilei inaungwaje?

Rilei nyingi za magari zina namba zilezile. Mguu wa 30 unapokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 unaenda kwenye chanya ya feni. 85 na 86 ni ncha mbili za koili. Ikiwepo 87a, hiyo hupata umeme rilei ikiwa imelala. Usiitumie, na usiichanganye na 87, maana feni itazunguka muda wote mpaka injini ipate joto, kisha itazima wakati unaihitaji. Nimeona hilo likitokea na mwenye gari akaamini sensa yake imekufa.

Mpango ninaoupendelea: 86 ipate umeme kutoka kwenye waya unaokuwa hai ufunguo ukiwa umewashwa, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 5. 85 iende kwenye swichi ya joto, na swichi hiyo iunganishe na athi (bodi ya gari, ambako umeme hurudi kwenye hasi ya betri) maji yakifika joto lililopangwa. Nunua rilei ya ampea 40 yenye jina linaloaminika, ifunge miguu ikitazama chini ili maji yasituame ndani, mbali na bomba la moshi.

Feni mbili? Kila moja na rilei yake na fyuzi yake. Moja ikifa, nyingine inakufikisha.

Waya uwe wa unene gani, na fyuzi ya ampea ngapi?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aanze nalo.

Fyuzi inalinda waya. Haikuwekwa pale kwa ajili ya feni. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, na waya wa chanya ukichubuka na kugusa bodi, hakuna kitakachozuia ampea hizo zisipite isipokuwa fyuzi. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 20 hivi. Kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Ukiweka fyuzi karibu na feni, umeilinda feni na kuuacha waya wote nyuma yake uchi.

Sasa unene. Tuseme feni inakula ampea 25 na waya una urefu wa mita 3 kwa upande mmoja. Ukitumia waya wa milimita za mraba 1.5, upinzani wake ni kama omu 0.035. Zidisha: unapoteza karibu volti 0.9 njiani, na waya unatoa joto la wati 22 muda wote feni inapozunguka. Ukirudisha athi kwa waya kama huohuo, hasara ni mara mbili. Feni inapokea volti 12 badala ya 13.8 na inazunguka kivivu, huku waya unalainika. Kwa waya wa milimita za mraba 6, hasara ya upande mmoja inashuka hadi volti 0.22 tu.

Kwa urefu wa kawaida chini ya boneti, mimi hutumia milimita za mraba 2.5 kwa feni ya hadi ampea 12, milimita 4 kwa hadi ampea 20, na milimita 6 kwa hadi 30. Fyuzi iwe juu kidogo ya ulaji wa kawaida, kama mara moja na robo hadi moja na nusu, ili istahimili ule mshtuko wa kuanza: feni ya ampea 20, fyuzi ya 30. Na siku zote fyuzi iwe chini ya uwezo wa waya. Nunua waya wa magari wenye maganda yanayostahimili joto la nyuzi 105. Waya wa nyumbani wa uzi mmoja mgumu hukatika kwa mtikisiko, na waya wa spika usiufikirie hata kidogo. Niliwahi kuletewa gari ambalo mwenyewe alilalamikia taa hafifu tu; nilipofungua boneti nikakuta feni mbili zimeungwa kwa waya wa spika, bila fyuzi, na maganda yameyeyuka yakagandana na bomba la mafuta. Wahenga walisema maji moto hayachomi nyumba. Waya wa moto unaichoma, na gari vilevile.

Fyuzi inaungua kila wiki. Niweke kubwa zaidi?

Usiweke. Pima ampea kwanza. Mota yenye bearingi zilizochoka, mapanga yanayosugua kava, au waya uliochubuka mahali vyote huvuta umeme wa ziada, na fyuzi inakuambia hivyo. Kama mota ni nzima na kipimo kinaonyesha ulikosea hesabu mwanzoni, ongeza unene wa waya kwanza, ndipo uongeze fyuzi.

Ukikuta kishikio cha fyuzi kimeyeyuka lakini fyuzi yenyewe ni nzima, tatizo ni mguso: ncha zimelegea au kishikio ni dhaifu. Hapo joto linazaliwa kwenye kiungo na fyuzi haina habari nalo. Badilisha kishikio na kipande cha waya kilichobadilika rangi.

Athi niichukue wapi?

Kila ampea inayokwenda kwenye feni inarudi, kwa hiyo waya wa athi uwe mnene sawa na wa chanya. Usiuunge kwenye fremu ya rejeta iliyopakwa rangi au iliyokaa kwenye mipira. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza kwa boliti na washa yenye meno, kisha paka grisi juu kuzuia kutu. Njia salama zaidi ni kuurudisha hadi kwenye hasi ya betri au kwenye boliti ya athi ya kiwandani.

Viungo vya waya nivifungeje?

Bana kwa koleo maalumu la kubania, lile linalolingana na ukubwa wa terminali, kisha vuta kwa nguvu. Kikichomoka mkononi mwako leo, kingechomoka barabarani kesho. Funika kwa mpira unaonywea kwa joto, wenye gundi ndani. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu ni kazi ya dharura ya kukufikisha nyumbani; joto la injini huilainisha gundi ya tepu mpaka inafunguka yenyewe.

Pitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, zifungie kwenye bodi kila baada ya sentimita 20 au 30, mbali na mikanda na bomba la moshi. Panapotoboka bati, weka mpira kwenye tundu. Tundu la bati lisilo na mpira ni kisu.

Feni iwake kwenye joto gani?

Juu ya joto la themostati, na izime chini kidogo ya hapo ilipowakia. Themostati ya nyuzi 82: washa kwenye 92 hadi 95, zima kwenye 87 hivi. Themostati ya 88: washa 97 hadi 100, zima 92. Ukipanga feni iwake kwenye nyuzi 80, haitazima kamwe, kwa kuwa themostati yenyewe haitaruhusu maji yapoe kufikia hapo. Wengi huamini kwamba chini zaidi ni salama zaidi. Matokeo yake mota inachakaa na alteneta inabebeshwa mzigo wa bure.

Nyuzi 98 zisikutishe. Kifuniko cha rejeta cha baa 1 kinapandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi nyuzi 120 hivi, na kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) huongeza zaidi. Ila kifuniko kiwe kizima. Kilichochoka kinaachia mgandamizo mapema na maji yanachemka kwenye joto ambalo injini ingelivumilia.

Na sensa, yaani hiyo swichi ya joto, ikae wapi?

Bora zaidi ni kwenye maji yenyewe yanapotoka injini, karibu na nyumba ya themostati. Baadhi ya rejeta zina tundu la swichi upande maji yanapotokea yakiwa yamepozwa. Hapo namba lazima ziwe za chini zaidi, kwa sababu maji hayo tayari yamepoteza joto. Kile kijiti cha kuchomeka kati ya mapezi ndicho dhaifu kuliko vyote. Kinapima bati na hewa, na siku kikichomoka feni haiwaki tena.

Swichi ya waya mmoja hupata athi kupitia mwili wake. Ukizungushia tepu nyeupe nyingi kwenye uzi, au ukiifunga kwenye kiungo cha katikati ya mpira wa rejeta, athi inakatika. Kiungo cha aina hiyo kivutie waya wake wa athi.

Na sensa yoyote husema kweli ikiwa ndani ya maji tu. Maji yakivuja yote, inabaki kwenye hewa na mvuke na inaweza kuonyesha joto la chini huku injini inaungua. Mshale wa joto ukishuka ghafla bila sababu, simama uangalie maji.

Naweza kutumia swichi ya mkono peke yake, bila sensa?

Siku utakayosahau kuiwasha ndiyo siku utakayonunua silinda hedi. Weka swichi ya mkono kama nyongeza: iunge sambamba na swichi ya joto, iweze kuwasha tu, na taa ndogo ikuonyeshe imewashwa. Anayevuka maji anaweza kuongeza ya kuzima, ilimradi taa yake ni nyekundu na inaonekana.

Feni iendelee kuzunguka baada ya kuzima gari?

Magari mengine hutoka kiwandani hivyo. Mimi sipendi kwenye feni za kuongeza, kwa sababu mbili. Pampu inayozungushwa na injini inakuwa imesimama, kwa hiyo feni inapoza maji yaliyo kwenye rejeta tu na mengi ya injini hayafiki huko. Pili ni vidole. Mtu anafungua boneti ya gari lililozimwa, ananyoosha mkono, na joto linalopanda baada ya kuzima linaiwasha feni. Ukiamua iendelee, weka kikomo cha muda, na bandika onyo la wazi kwenye kava.

Nimefunga feni, sasa nikizima ufunguo injini inaendelea kwa sekunde chache. Kwa nini?

Feni inayozunguka bila umeme ni jenereta. Kama umechukua umeme wa feni kwenye waya uleule unaolisha mfumo wa kuwasha injini, volti inayozalishwa na mota inarudi kuulisha. Hamisha mguu wa 30 uende betri kupitia fyuzi yake, na tatizo litaisha.

Gari lina AC. Nifanye nini cha ziada?

Kondensa inahitaji hewa kila kompresa inapofanya kazi, hata injini ikiwa baridi. Bila hewa, mgandamizo wa gesi unapanda na kompresa inaumia. Ongeza rilei ndogo ya pili: 86 yake kwenye waya wa klachi ya kompresa, 85 kwenye athi, 30 kwenye athi, na 87 kwenye mguu wa 85 wa rilei ya feni. Kompresa ikishika, feni inawaka. Na umeme wa AC haukutani kabisa na ule wa swichi ya joto.

Alteneta yangu itaweza?

Jumlisha mizigo ya usiku wa mvua: taa, waipa, kipulizia cha AC, kisha feni. Usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye alteneta, maana hiyo inapatikana kwenye mizunguko ya juu. Injini ikizunguka polepole kwenye foleni, inatoa sehemu tu ya namba hiyo, na foleni ndiyo feni inapowaka. Washa kila kitu, acha injini izunguke polepole, pima volti kwenye betri. Ikibaki juu ya 13 uko salama. Ikishuka chini ya 12.6, betri ndiyo inayolipa deni.

Gari la kisasa ambalo kompyuta inaongoza feni?

Kwenye magari mengi ya namna hii kompyuta inabadilisha kasi ya feni kidogo kidogo, inajua ampea zake, na inaweza kuwasha taa ya injini ikikuta kitu kigeni. Badilisha kwa feni ya aina ileile. Kukata nyaya za kiwandani ili uweke rilei ni kuharibu mfumo mzuri.

Nikiondoa feni ya zamani, nizingatie nini?

Nati ya feni ya klachi kwenye baadhi ya injini, zikiwemo za BMW za zamani za silinda sita, ina uzi wa kinyume, yaani hulegezwa kwa kuizungusha upande ambao nati za kawaida hukazwa. Ukikaza ukidhani unalegeza, utavunja kitu. Na kama boliti zilezile zilikuwa zinashika feni pamoja na puli ya pampu, ukiondoa feni zitakuwa ndefu mno: zinagota mwisho na puli inabaki imelegea. Weka fupi zaidi au washa za kujaza nafasi, kaza, kisha zungusha puli kwa mkono uone kama inayumba.

Kabla sijashika spana?

Injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta yenye moto kikifunguliwa humwaga mvuke usoni. Toa waya wa hasi wa betri. Ukimwaga kulanti, ikusanye yote kwenye chombo chenye kifuniko: ile yenye etilini glikoli ina ladha tamu na ni sumu, na mtoto au mbwa hawezi kujua. Ukiingia chini ya gari, liwe juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi.

Nitajuaje kuwa kazi imekamilika?

Jaza maji, toa hewa, washa injini, usiondoke. Subiri feni iwake yenyewe, izime yenyewe, iwake tena; mizunguko mitatu, ukiandika joto la kila mmoja. Feni ikiwa inazunguka, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya feni. Usomaji uwe chini ya volti 0.5. Rudia upande wa hasi. Ukizidi, sogeza ncha ya mita kiungo kimoja baada ya kingine mpaka umpate mlaji.

Baada ya nusu saa zima gari, toa ufunguo, na ukiwa mbali na mapanga gusa kwa mgongo wa kidole kishikio cha fyuzi, rilei, na kila terminali. Uvuguvugu ni kawaida. Usipoweza kuacha kidole hapo, kiungo hicho kifunguliwe leo. Kisha yarudie yote baada ya wiki moja ya kuendesha, maana terminali na boliti zinazolegea huanza kulegea katika siku hizo za mwanzo.